Matundu Ishirini na Manne: Historia ya Bodi Ndogo ya Kujiundia Kibodi

Ndani ya kila kibodi ya kompyuta mna kompyuta nyingine. Jambo hili huwashangaza wengi, kwa sababu kibodi huonekana kama kifaa cha kupokea vidole tu, na kazi ya kufikiri tunaidhania iko upande wa pili wa waya. Lakini IBM ilipoanza kuuza kompyuta yake binafsi mwezi Agosti 1981, kibodi yake ya vitufe 83 ilikuwa na chipu yake yenyewe, Intel 8048, ya aina iliyoingia sokoni mwaka 1976. Chipu za jamii hiyo huitwa mikrokontrola: kichakataji, kumbukumbu na pini za kupokelea na kutolea ishara vimekusanywa katika kipande kimoja. Ile 8048 ilikuwa na kilobaiti 1 ya kuhifadhi programu na baiti 64 za hesabu za papo hapo. Maneno ya aya hii pekee yangekaribia kuijaza.

Sababu ya kuihitaji chipu hiyo ni hesabu nyepesi. Kibodi ya vitufe 104, kama kila kitufe kingekuwa na waya wake, ingedai nyaya 104 na mahali pa kuzichomeka zote. Wahandisi walikwepa gharama hiyo kwa kuvipanga vitufe katika safu mlalo na safu wima. Kila kitufe hukaa pale safu mbili zinapokutana, na chipu hupitisha umeme kwenye safu moja baada ya nyingine, mara nyingi sana kwa sekunde, ikiangalia umeme huo umejitokeza wapi upande wa pili. Kwa mpangilio wa safu 8 kwa 13, vitufe vyote 104 hutoshelezwa na pini 21. Kasoro yake ni kwamba vitufe vitatu vilivyo kwenye pembe za mstatili vikibonyezwa kwa pamoja, umeme hupenya kinyumenyume na chipu ikadhani kitufe cha nne nacho kimebonyezwa. Dawa ni dayodi, kijisehemu kinachoruhusu umeme upite upande mmoja tu, na ndiyo maana anayejiundia kibodi hulehemu dayodi moja kwa kila kitufe. Msomaji aiweke akilini hesabu hii ya pini, kwa maana sehemu kubwa ya historia yetu inaizunguka.

Programu ya chipu hizo iliandikwa kiwandani ikafungiwa humo. Mtumiaji hakuweza kuibadili, na kwa muda mrefu hakuona haja. Kibodi ya IBM iliyoitwa Model M, iliyotoka mwaka 1985, ilikuwa nzito, ya kudumu, na chini ya kila kitufe ilikuwa na springi inayopinda kwa mlio unaosikika chumba cha pili. Kisha ukaja ushindani wa bei wa miaka ya 1990. Watengenezaji wengi waliziacha swichi za kimakanika, moja kwa kila kitufe, wakahamia kwenye karatasi za plastiki zilizofunikwa na vikombe vya mpira, ambazo hufanya kazi ya swichi zote kwa gharama ndogo. IBM iliitenga idara yake ya kibodi ikawa kampuni ya Lexmark mwaka 1991, na Lexmark ilipojitoa mwaka 1996, urithi wa Model M ulichukuliwa na kampuni ndogo ya Unicomp katika mji wa Lexington, Kentucky. Swichi za MX za Cherry, zilizobuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, ziliendelea kuuzwa, lakini kwa wachache: wenye maduka, mabenki, na watu waliokuwa tayari kulipa zaidi ili vidole vyao visichoke.

Katika kundi hilo dogo kulikuwa na matakwa mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Wapo waliotaka mguso, yaani swichi nzuri, na wapo waliotaka mpangilio, yaani uwezo wa kuamua kitufe gani kikae wapi na kifanye nini. Takwa la kwanza lilitimizwa kwa kununua. La pili halikununulika. Happy Hacking Keyboard ya Japani, iliyotoka mwaka 1996, ilipunguza vitufe hadi 60 na kukihamisha kitufe cha Control mahali ambapo waandishi wa programu walikitaka, lakini huo nao ulikuwa uamuzi wa mtengenezaji. Mtu angeweza kubadili maana za vitufe kwa programu ndani ya kompyuta yake, ila mabadiliko hayo yalibaki kwenye kompyuta hiyo. Mwandishi wa Kiswahili, kwa mfano, anayetaka kitufe kimoja kiandike ng' badala ya kuikimbilia alama ya ritifaa kila anapomtaja ng'ombe, angelazimika kuirudia kazi hiyo kwenye kila mashine anayoitumia. Agizo likikaa ndani ya kibodi yenyewe, linakwenda popote kibodi inakokwenda. Ili liweze kukaa humo, ilibidi ipatikane mikrokontrola ambayo mtu wa kawaida angeweza kuiandikia programu.

Hapo ndipo USB ilipoleta ugumu mpya. Viunganishi vya zamani vya kibodi vilizungumza kwa nyaya mbili za ishara, moja ya mapigo ya saa na moja ya data, na fundi mvumilivu angeweza kuyaiga mazungumzo hayo kwa chipu yoyote. USB, iliyotangazwa mwaka 1996 na kuenea haraka baada ya 1998, ilidai zaidi. Kifaa kilitakiwa kijitambulishe, kieleze ni cha aina gani, kikubali anwani, na kujibu kwa wakati usioteleza. Wapo walioweza kuyafanya hayo yote kwa programu tupu kwenye chipu isiyo na USB, na kazi yao ilistahili heshima, lakini haikuwa njia ya wengi. Wengi walingoja chipu ambayo tayari ina USB ndani yake.

Chipu hiyo ilitokana na kazi iliyoanzia Norway, katika mji wa Trondheim. Huko, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanafunzi wawili, Alf-Egil Bogen na Vegard Wollan, walibuni muundo wa kichakataji kidogo uliokuja kuitwa AVR. Wakati huo walikuwa na uhusiano na kampuni ndogo ya hapohapo iliyoitwa Nordic VLSI, jina ambalo tutakutana nalo tena. Muundo wao ulichukuliwa na kampuni ya Kimarekani ya Atmel na kuingia sokoni katika nusu ya pili ya muongo huo. Sifa yake iliyobadili mambo ni kwamba programu ilikaa kwenye kumbukumbu inayofutika: ukikosea, unafuta na kuandika upya kwenye chipu ileile. Mikrokontrola nyingi za enzi hiyo ziliandikwa mara moja tu, au zilitakiwa kufutwa kwa taa maalumu. Kutoka katika ukoo huo wa AVR ilizaliwa ATmega32U4, chipu yenye USB ndani yake, kilobaiti 32 za programu, kilobaiti 2.5 za hesabu, na pini 26 za matumizi. Hakuna aliyeitengeneza kwa ajili ya wapenzi wa kibodi.

Chipu tupu, hata hivyo, haimfai mtu anayefanyia kazi mezani kwake. Miguu yake ni myembamba na imesongamana, na inahitaji kioo cha mapigo ya saa, vidhibiti vya umeme na tundu la USB. Lazima mtu mwingine ailehemu kwanza kwenye bodi ndogo yenye matundu makubwa yanayofikiwa na mkono wa kawaida. Wa kwanza kufanya hivyo kwa namna iliyowafikia wajenzi wa kibodi ni Paul Stoffregen na Robin Coon, wenye kampuni ya PJRC katika jimbo la Oregon, Marekani. Bodi yao iliitwa Teensy, na toleo la Teensy 2.0, lililotoka mwaka 2009, lilitumia ATmega32U4. Ilikuwa na urefu wa milimita 30 hivi na upana wa 18, ikatoa pini 25, na iliuzwa kwa dola 16. Stoffregen pia aliandika mfano wa programu ulioonyesha jinsi ya kuifanya bodi hiyo ijitambulishe kwa kompyuta kuwa ni kibodi. Kwa maoni yangu mfano huo ulikuwa na uzito zaidi kuliko bodi yenyewe, kwa sababu ulimwondolea mjenzi sehemu iliyokuwa ngumu kuliko zote.

Juu ya msingi huo, mwanzoni mwa miaka ya 2010, mhandisi Jun Wako, anayejulikana zaidi kwa jina la hasu, aliandika TMK. Ilikuwa programu kamili ya kibodi, na aliiacha wazi ili kila mtu aisome na kuirekebisha. TMK ilieneza wazo la matabaka: kitufe kimoja kikishikiliwa, vitufe vingine vyote hubadili maana, hivyo vitufe 40 vikafanya kazi ya 100. Kufikia mwaka 2012 ilikuwapo ErgoDox, kibodi iliyogawanywa vipande viwili, kimoja kwa kila mkono, na michoro yake iliyotolewa bure ilikuwa na mahali pa kuiweka Teensy 2.0. Vipande vyake viliuzwa kwa ununuzi wa pamoja, watu wakilipa kabla ya kiwanda kuanza kazi. Mpaka hapo ungeweza kudhani kwamba Teensy imeshatawazwa.

Haikuwa hivyo. Mwaka huohuo wa 2012 kampuni ya SparkFun ya Colorado ilitoa bodi iliyoiita Pro Micro. Chipu ilikuwa ileile ATmega32U4. Urefu ulikuwa milimita 33, upana 18, na kila upande ulikuwa na matundu 12, jumla 24. Kati ya hayo, 18 yalikuwa pini za matumizi na mengine yalikuwa ya umeme, ardhi na kuwashia upya. Kwa maneno mengine, ilikuwa ndefu kidogo kuliko Teensy na ilitoa pini chache zaidi, na bei yake ya karibu dola 20 ilizidi ya mwenzake. Ukiwekewa mbili hizo mezani mwaka 2012, hakuna hesabu ya kawaida ambayo ingekufanya uchague Pro Micro. Na bado ndiyo iliyoshinda, hata leo mtu akitaja ukubwa wa bodi ya kibodi anataja jina lake.

Maelezo yanayotolewa ni matatu. Wengine husema ni udogo wake, lakini vipimo tulivyovitaja vinalikanusha dai hilo. Wengine husema ni ukaribu wake na Arduino, mradi uliozaliwa Ivrea, Italia, mwaka 2005, ambao uliwafundisha watu wengi kuandika programu za mikrokontrola. Pro Micro ilifanana kwa ndani na Arduino Leonardo, hivyo kwa aliyejifunza huko haikuwa ngeni. Hoja hii ina uzito, ila Teensy nayo ingeweza kutumika na zana za Arduino. Maelezo ya tatu ndiyo ninayoyaona kuwa na nguvu zaidi, nayo ni ya leseni. SparkFun iliitoa michoro ya Pro Micro kwa leseni iliyoruhusu kunakiliwa, na programu yake ndogo ya mapokezi, ile inayokaa ndani ya chipu ikisubiri kupokea programu mpya, ilikuwa wazi vilevile. Programu ya mapokezi ya Teensy ilikuwa siri ya PJRC. Kiwanda cha China kiliweza kutengeneza Pro Micro kesho yake asubuhi bila kumwomba mtu ruhusa, lakini hakikuweza kutengeneza Teensy iliyo kamili. Baada ya muda nakala za Pro Micro zilikuwa zikiuzwa kwa dola chache tu. Bodi iliyoshinda, tukitaka kuwa waangalifu, haikuwa ya SparkFun. Zilikuwa nakala zake.

Bei hiyo ndogo ilizaa aina mpya ya kibodi. ErgoDox ilikuwa na Teensy moja, na upande wa pili ulihudumiwa na chipu ya nyongeza ya kupanua pini, kwa sababu kununua Teensy mbili kungekuwa anasa. Nakala za Pro Micro ziliiondoa sababu hiyo. Katikati ya miaka ya 2010 ilitoka michoro ya Let's Split, kibodi ndogo ya vipande viwili ambayo kila kipande kina Pro Micro yake, na vipande huzungumza kwa waya wa sauti wa kawaida, ule wa spika za masikioni. Bodi ya saketi ilikuwa ileile kwa mkono wa kulia na wa kushoto, ukiigeuza tu, hivyo mjenzi aliagiza mchoro mmoja. Waya huo una tabia moja mbaya: ukiuchomeka huku umeme umewaka, ncha yake hugusanisha umeme na ardhi kwa kitambo kidogo, na bodi kadhaa zimekufa kwa njia hiyo. Kila mwongozo hulitaja onyo hilo, na kila mwaka wapo wasiolisikia.

Upande wa programu, Jack Humbert alikuwa ameichukua TMK na kuiendeleza kwa ajili ya kibodi zake ndogo, na tawi hilo likakua na kuitwa QMK. Lilipokea michango ya watu wengi kiasi kwamba kibodi mpya iliyochorwa wiki hii ingepata programu yake wiki ijayo. Wajapani waliitikia kwa bidii ya pekee. Corne na Lily58, mbili kati ya kibodi za vipande viwili zinazojulikana zaidi duniani, zilichorwa Japani, na zote zilitengewa matundu ya Pro Micro kila upande. Uamuzi wa mchoraji mmoja ulikuwa mdogo: atumie umbo ambalo watu wanalo tayari. Lakini wachoraji mamia walipouchukua uamuzi huohuo, umbo likawa sheria ambayo hakuna aliyeitunga.

Hapa inafaa kuirudia ile hesabu ya pini. Pini 18, zikigawanywa 9 kwa 9, zinahudumia vitufe 81 na si zaidi. Kibodi kamili ya vitufe 104 haiingii. Wapo wanaodai kwamba kibodi ndogo zilipendwa kwa sababu ya afya ya mikono, vidole visisafiri mbali, na wapo wanaodai kwamba zilipendwa kwa sababu bodi ya bei nafuu haikuruhusu kubwa. Madai yote mawili yana ukweli, ingawa si kwa kiwango sawa. Happy Hacking Keyboard inatuonyesha kwamba hamu ya udogo ilikuwapo miaka 16 kabla ya Pro Micro. Kilichofanywa na pini 18 ni kuisukuma hamu hiyo ifike mbali zaidi, hadi vitufe 42 na chini ya hapo. Aliyetaka kibodi kubwa alikuwa na njia nyingine: kuweka ATmega32U4 moja kwa moja kwenye bodi ya saketi.

Umaarufu uliziweka wazi kasoro za bodi. Ya kwanza ilikuwa tundu la USB. Nakala za Pro Micro zilikuwa na tundu la micro-USB lililobandikwa juu ya bodi bila miguu ya kupenya ndani, na mvuto mmoja mbaya wa waya ulilichomoa pamoja na njia za shaba zilizo chini yake. Wajenzi walizoea kulizungushia gundi ngumu kabla ya kazi nyingine yoyote, desturi ambayo mtu wa nje angeiona kichekesho: unanunua kifaa kipya na kuanza kwa kukikarabati. Wengine waliacha kuilehemu bodi moja kwa moja, wakaweka soketi ili ikifa ing'olewe. Jibu la kudumu lilikuwa Elite-C, bodi yenye umbo lilelile, tundu imara la USB-C, na pini 5 za ziada ukingoni mwa chini kwa aliyezihitaji.

Kasoro ya pili haikuweza kutibiwa kwa gundi. Kati ya kilobaiti 32 za ATmega32U4, programu ya mapokezi ya Pro Micro huchukua 4, zikabaki 28. Mwaka 2012 hizo zilikuwa nyingi. Lakini QMK ilikuwa ikikua: taa za rangi chini ya kila kitufe, skrini ndogo ya kuonyesha tabaka lililopo, vifundo vya kuzungusha sauti. Mtu aliyetaka vyote alijikuta akifuta hiki ili apate kile, baiti kwa baiti. Proton C, iliyotoka kwa waendelezaji wa QMK mwishoni mwa muongo huo, ilijibu kwa kuleta chipu ya STM32 ya ukoo wa ARM, yenye nguvu mara nyingi zaidi. Iliheshimiwa kuliko ilivyonunuliwa. Bei yake ilikuwa juu, na programu nyingi za wakati huo zilikuwa zimezoea AVR mno.

Mwaka 2020 ulileta mambo mawili kwa pamoja, moja la hiari na moja la kulazimishwa. La hiari lilikuwa kuondoa waya. Bodi ya nice!nano iliweka ndani ya umbo la Pro Micro chipu ya nRF52840, yenye Bluetooth, megabaiti 1 ya programu na mahali pa betri. Chipu hiyo inatengenezwa na Nordic Semiconductor ya Trondheim, ambayo ndiyo ileile Nordic VLSI ya Bogen na Wollan baada ya kubadili jina. Mji mmoja wa Norway, basi, umetoa chimbuko la chipu za enzi mbili za kibodi hizi, na sidhani kama wengi wa wanaozibonyeza wanajua.

QMK haikuifuata bodi hiyo mpya, na sababu yake ilikuwa ya kisheria kabla ya kuwa ya kiufundi. QMK imeandikwa chini ya leseni ya GPL, ambayo hudai kwamba kila kilichounganishwa nayo kitolewe wazi. Programu ya Bluetooth iliyotolewa na Nordic ilikuwa imefungwa. Viwili hivyo havikuweza kukaa pamoja bila kimoja kuvunja ahadi. Kwa hiyo mwaka huohuo Pete Johanson alianzisha ZMK, programu mpya iliyojengwa juu ya mfumo wa Zephyr, ambao una Bluetooth yake iliyo wazi, na kuitoa kwa leseni nyepesi zaidi. Kama leseni iliyo wazi ndiyo iliyoipa Pro Micro ushindi, leseni nyingine iliyo wazi, kali zaidi, ndiyo iliyoifanya jamii hiyo ipate programu mbili.

Jambo la kulazimishwa lilikuwa uhaba wa chipu duniani. Viwanda vilifungwa na kuchelewa wakati wa janga la korona, mahitaji ya vifaa vya kielektroniki yakapanda, na foleni za maagizo zikarefuka hadi 2022. ATmega32U4, ambayo tangu 2016 ilikuwa mali ya Microchip baada ya kampuni hiyo kuinunua Atmel, ikawa adimu na ghali. Bodi zilizokuwa za dola chache zilipanda bei au hazikupatikana kabisa.

Katika hali hiyo, Januari 2021, Raspberry Pi ya Cambridge, Uingereza, ilitangaza chipu yake ya kwanza, RP2040. Ilikuwa na vichakataji viwili, kilobaiti 264 za hesabu, na kumbukumbu ya programu ya nje ambayo mtengenezaji wa bodi huchagua ukubwa wake. Chipu moja iliuzwa kwa dola 1 hivi, na bodi yake ya Pico kwa dola 4. Pico yenyewe ina urefu wa milimita 51 na haiingii kwenye matundu 24. Kwa hiyo wengine waliingiza chipu hiyo katika umbo la zamani. Adafruit ya New York ilitoa KB2040, yenye megabaiti 8, na SparkFun yenyewe ilitoa Pro Micro RP2040, yenye megabaiti 16, ambayo ni mara 512 ya nafasi iliyokuwa kwenye bodi yake ya 2012. QMK iliipokea RP2040 rasmi mwaka 2022. Kuipakia programu nako kulirahisika: bodi hujionyesha kwenye kompyuta kama diski ya USB, unaburuta faili, kazi imekwisha. Zaidi ya hayo, programu ya mapokezi ya RP2040 imechongwa ndani ya chipu na haifutiki, ilhali mwenye Pro Micro alizoea kugusanisha matundu mawili kwa kibanio, mara mbili haraka, na kuomba dua.

Je, ni uhaba ulioiua ATmega32U4, au ni ufinyu wa kumbukumbu yake? Wanaotaja uhaba wana tarehe upande wao, kwa kuwa kuhama kwenyewe kulitokea ndani ya miaka hiyo miwili. Wanaotaja ufinyu wana Proton C, iliyokuja kabla ya uhaba wowote. Mimi naona ufinyu uliandaa uamuzi na uhaba ukauharakisha. Bila uhaba, bei ya nakala za Kichina ingeendelea kuwavuta watu kwa miaka mingine kadhaa. Jambo lililo wazi zaidi ni kile ambacho hakikuhama. Chungu kilibadilishwa juu ya mafiga yaleyale: kibodi iliyochorwa mwaka 2018 kwa ajili ya chipu ya Atmel inapokea bodi ya 2022 bila tundu moja kusogezwa.

Ulinganifu huo, hata hivyo, una mipaka. Pro Micro ya kawaida huzungumza kwa volti 5, na RP2040 na nRF52840 kwa volti 3.3. Swichi na dayodi hazijali tofauti hiyo, lakini baadhi ya taa za rangi zilizochaguliwa kwa volti 5 huwaka kwa kusitasita zinapopewa ishara ndogo, na mjenzi anayebadili bodi bila kusoma hujikuta akiilaumu risasi yake ya kulehemu. Kwenye bodi zenye Bluetooth pia, taa ni mzigo mwingine, kwa sababu humaliza betri kwa siku chache badala ya miezi.

Leo bodi hizi zinabanwa kutoka pande mbili. Upande mmoja ni viwanda vya kuunganisha saketi, hasa vya China, ambavyo sasa hukubali oda ndogo na kulehemu chipu moja kwa moja kwenye bodi ya kibodi, hivyo mchoraji hahitaji tena bodi ya kati. Upande mwingine ni bodi zilizo ndogo zaidi. XIAO ya kampuni ya Seeed ya Shenzhen ina milimita 21 kwa 17.5 na pini 11 tu, nayo inapatikana kwa RP2040 na kwa nRF52840. Nusu moja ya Corne ina vitufe 21 vilivyopangwa kwa safu 4 na 6, ambazo zinahitaji pini 10. Ya kumi na moja huenda kwenye waya wa kuzungumza na nusu ya pili. Anayetaka skrini itabidi abaki na matundu 24.